Mume wangu anavaa dera langu: nifanye nini?

Wadogo zangu, leo kona nzima ni ya jambo moja, maana ujumbe ulionifikia haujibiki kwa mistari mitano. Umetoka kwa dada mmoja wa Tanga, na ameniruhusu niuzungumzie hapa ilimradi nisimtaje. Ameolewa miaka minane, wana watoto wawili, mume ni dereva wa lori. Siku moja akikusanya nguo za kufua alifungua begi la safari la mumewe, akakuta dera lake la kijani, lile alilolitafuta mpaka akamshuku msichana wa kazi. Chini ya dera kulikuwa na wigi, sidiria isiyo yake na kopo la poda. Akawaza ambalo mke yeyote angewaza: kuna mwingine. Usiku alipomweka mumewe kitako, mume akalia. Akasema hakuna mwanamke. Nguo zile huvaa yeye mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa, na alianza tangu akiwa mvulana. Kisha akamwambia, "Ukimwambia mtu yeyote, bora nife."

Dada ananiuliza mengi kwa pumzi moja. Mume wangu ni shoga? Ana pepo, nimpeleke akapungwe? Nimwache? Watoto je? Na wifi yake, ambaye ameshaona nyumba imenuna na kila siku anapiga simu kuuliza, amwambie nini?

Mdogo wangu, naanza na yale maneno ya mwisho ya mumeo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili na hayo hayawezi. Mtu akisema bora afe, usiyapuuze maneno yake kwa kuwa yalitoka katikati ya kilio. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Uliposema bora ufe, unafikiria kujiua?" Wengi tunaogopa kuuliza hivyo tukidhani tutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Haiko hivyo. Mtu aliyebeba wazo hilo peke yake hupumua anapoulizwa, na asiye nalo atakwambia hana. Akisema ndiyo, muulize kama ameshafikiria namna ya kufanya. Kama ameshafikiria, usimwache peke yake usiku huo. Ondoa nyumbani dawa za wadudu na vidonge vilivyozagaa, kisha mpeleke hospitali, hata kama ni usiku. Hakuna haja ya kueleza habari za dera mapokezi mbele ya foleni. Inatosha kusema, "Mume wangu anafikiria kujiua, tunahitaji daktari." Hayo mengine atayasema mwenyewe akiwa tayari, akiwa na daktari peke yake.

Akikujibu kwamba ilikuwa hofu tu, shukuru Mungu lakini endelea kumtazama. Sonona ina dalili zake: usingizi unapotea au mtu analala mchana kutwa, chakula hakipiti, mpira aliokuwa haukosi hautazami tena, anajilaumu kwa kila kitu, anachoka bila kufanya kazi. Hali hiyo ikiwepo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, anahitaji mtaalamu. Wanaume wetu wengi huificha ndani ya pombe na ukali. Akianza kunywa kuliko ulivyomzoea, au kuwafokea watoto kwa jambo dogo, lihesabu na hilo.

Sasa tuje kwenye dera lenyewe.

Wanaume wanaovaa nguo za kike kwa siri wapo katika jamii nyingi, na wengi wao ni watu ambao usingewadhania. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Berlin, Magnus Hirschfeld, aliandika kitabu kizima juu yao, akaonyesha kwamba wengi wa aliowachunguza walikuwa wanaume wanaopenda wanawake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, Richard Docter na Virginia Prince walichapisha majibu ya watu 1,032 wenye mazoea haya huko Marekani. Asilimia 87 walisema wanavutiwa na wanawake. Wengi mno walikuwa wameshaoa angalau mara moja, na walio wengi walianza wakiwa watoto wadogo. Hao ni Wamarekani waliokubali kujibu maswali, kwa hiyo tusiwafanye sensa ya dunia. Lakini ukiyaweka majibu yao kando ya aliyokwambia mumeo, utaona hadithi yake haina ugeni kama ulivyodhani usiku ule.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kama ni shoga: dera halina jibu la swali hilo. Nguo anazovaa mtu ni jambo moja. Anampenda nani ni jambo la pili. Anavyojijua moyoni, kwamba mimi ni mwanaume au mimi ni mwanamke, ni jambo la tatu, na mwili aliozaliwa nao ni la nne. Kwa watu wengi haya manne hutembea pamoja, ndiyo maana tumezoea kuyafunga fundo moja. Lakini hayatembei pamoja kwa kila mtu. Mtakumbuka kesi ya Audrey Mbugua wa Kenya, aliyekwenda Mahakama Kuu kudai jina lake jipya liandikwe kwenye cheti chake cha kidato cha nne, na mwaka 2014 mahakama ikaamuru Baraza la Mitihani lifanye hivyo. Yeye anajijua kuwa mwanamke asubuhi na jioni, kazini na nyumbani. Huo si msimamo wa mwanaume anayevaa dera saa moja kisha akalivua na kurudi kwenye lori lake akiwa na amani ya kuwa mwanaume. Wapo pia watu waliozaliwa na jinsi tata, ambao sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza ikapata 1,524. Hao nao habari yao ni nyingine kabisa. Mumeo yuko wapi kati ya hawa? Anayeweza kukujibu ni yeye tu, na pengine hata yeye bado hajawahi kupewa nafasi ya kulifikiria bila kutetemeka.

Kwa nini wanavaa? Majibu hayafanani. Wapo wanaosema ni utulivu: ugumu wote wa kuwa baba, mlipaji, mbeba mizigo, unatua chini kwa dakika chache. Wapo ambao ujanani kulikuwa na msisimko wa kimapenzi ndani yake, kisha miaka ikaupunguza ikabaki raha ya kitambaa na sura kwenye kioo. Wapo wasiojua sababu na wamechoka kuitafuta. Sikuletei chanzo kimoja, kwa sababu sayansi haijapata chanzo kimoja. Ninaloweza kukuhakikishia ni hili: wewe hukulisababisha jambo hili. Alianza akiwa mvulana, wewe hujaingia kwenye maisha yake. Hakuna chakula ulichokosa kupika wala tendo ulilomnyima lililomfikisha hapo.

Je, ni ugonjwa? Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, mavazi ya namna hii yalikuwa na nafasi yake kati ya matatizo ya akili. Toleo la 11, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, likayaondoa. Sweden ilikuwa imeshayafuta katika orodha yake tangu 2009. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 bado una jina la tatizo la aina hii, ila umeweka sharti: linahusu mavazi yanayoambatana na msisimko wa kimapenzi, na hata hapo kuvaa peke yake hakutoshi. Lazima jambo hilo liwe linamtesa mhusika au linaharibu maisha yake ya kila siku.

Sharti hilo nalipenda, kwa sababu hata sisi tusio madaktari tunaweza kulitumia nyumbani. Je, pesa ya ada inaishia kwenye mawigi? Anakosa kazi? Anaiba nguo za majirani kwenye kamba? Anamlazimisha mtu amtazame au ashiriki? Yakiwepo hayo kuna tatizo, na tatizo ni wizi, deni au kulazimisha, mambo ambayo yangekuwa tatizo hata kama angevaa suti. Lakini mtu anayevaa saa moja, akakunja nguo, akarudi kula na wanawe, hana cha kutibiwa katika nguo.

Cha kutibiwa, mara nyingi, ni hofu. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Wanaume wa aina hii wakipata pa kusemea, wengi husimulia mzunguko uleule. Ananunua nguo kwa siri mji ambao hajulikani. Anavaa, anajisikia vizuri. Baada ya muda kidogo aibu inamvaa kuliko ile nguo. Anakusanya kila kitu, anachoma moto au anatupa shimoni, anaapa mbele ya Mungu kwamba basi. Wiki zinapita, miezi inapita, anajiona ameshinda. Kisha siku moja amechoka, ameachishwa kazi, au amefiwa, hamu inarudi na nguvu zaidi, naye ananunua tena. Safari hii juu ya aibu kuna na kiapo kilichovunjwa. Mzunguko huu ukirudiwa miaka ishirini, mtu anafikia kuamini kwamba ndani yake kuna uchafu usiosafishika. Hapo ndipo maneno ya "bora nife" yanapotoka, na ndiyo maana sikuyapuuza ya mumeo.

Mwanasaikolojia Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 jinsi unyanyapaa unavyoingia mwilini mwa watu walio wachache. Kinachowachosha ni zaidi ya kutukanwa. Ni kungoja kutukanwa kila saa, kuficha kila saa, na mwishowe kuanza kujitukana wenyewe kwa sauti ya wale wanaowaogopa. Yeye aliandika juu ya watu wanaovutiwa na jinsia yao, lakini mwanaume mwenye begi la siri anaujua mchoko huo neno kwa neno. Mtu anayelinda siri namna hii halali vizuri hata akilala. Anasikia hatua mlangoni. Anakagua simu yake mara kumi. Mumeo ameishi hivyo kando yako miaka minane, akikupenda na akikuogopa kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nakuomba, mdogo wangu, usimpeleke kupungwa. Sibishani na imani ya mtu, na najua pwani yetu ilivyo. Nakuangalizia yatakayotokea: kwanza siri itaenea kwa mganga, kwa wasaidizi wake na kwa jirani aliyewaona mkiingia. Pili, hamu ikirudi, na kwa walio wengi hurudi, mumeo ataamini kwamba hata mizimu imemshindwa. Ni hivyohivyo kwa maombi ya kupiga watu kelele na kuwaangusha mbele ya kusanyiko. Ukitaka kumwombea, mwombee chumbani kwenu, na umwombee amani.

Nayajua maandiko. Kumbukumbu la Torati 22:5 mnanitumia kila ninapogusa mavazi, na Waislamu wananikumbusha hadithi zinazowakemea wanaume wanaojifananisha na wanawake. Mimi si sheikh wala mchungaji, sitawaambia maandiko yenu yana maana gani. Mumeo, kama ana imani, ameshayasoma hayo kuliko ninyi nyote, usiku, peke yake. Swali lake mbele ya Mungu wake ni lake. Swali lenu ninyi ni mtamtendeaje, na sijaona dini inayomruhusu mtu kumpiga mwenzake, kumvua nguo barabarani, au kumrekodi video akilia.

Kuna wanaoniandikia kwamba hili linavunja mila. Nao nataka wanisikilize kidogo. Mavazi ya kike na ya kiume yamekuwa yakihama mbele ya macho yetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari Mosi 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikomeshwe Dar es Salaam. Hata tarehe haijafika, makundi ya vijana yalianza kuwashambulia wanawake Kariakoo. Wigi, wadogo zangu! Wigi hilihili ambalo leo bibi harusi halikosi lilikuwa sababu ya binti kukimbizwa mtaani. Malawi, enzi za Kamuzu Banda, mwanamke kuvaa suruali ilikuwa kosa la jinai mpaka miaka ya 1990. Paris kulikuwa na agizo la polisi la mwaka 1800 lililomtaka mwanamke anayetaka kuvaa suruali aombe kibali, na serikali ya Ufaransa ilikuja kutamka rasmi mwaka 2013 kwamba halina nguvu. Na mwanaume wa kwetu pwani aliyejifunga kikoi, kanzu juu, akipita kwenye miji ambako wanaume hawajui ila suruali, wasingemwona amevaa gauni? Kila kizazi kilichopiga watu kwa ajili ya nguo kiliamini kinalinda kitu cha milele. Waliopigwa ndio waliobaki na makovu.

Tena ajabu ni kwamba tunacheka. Joti wa Orijino Komedi amevaa magauni na vilemba mbele ya taifa zima, tukamshangilia, na ni msanii mzuri kweli. Tunaweza kumwona mwanaume ndani ya gauni na roho isituume, alimradi tumeambiwa ni mchezo. Mumeo hachezi, ndiyo maana anajifungia.

Kwa wanawake uzito ni mwingine, nao naugusa kwa ufupi kwa sababu kuna mabinti wanaonisoma. Bi Kidude wa Zanzibar alivuta sigara, akapiga ngoma, akaenda alikotaka, na dunia ikampa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005. Tulimzika mwaka 2013 kwa heshima. Lakini binti wa kawaida anayenyoa nywele na kupenda suruali na fulana kubwa bado huambiwa jike dume, hutishiwa kwamba hataolewa, na wengine hutishiwa kubakwa "arekebishwe". Kama wewe ni mama wa binti huyo, nakusihi usimlazimishe gauni kwenye kila sherehe. Na mtu yeyote akitamka hayo ya kumrekebisha, hata kama ni mjomba, binti yako asikae naye nyumba moja tena.

Turudi Tanga, kwako wewe dada mwenyewe. Nimemsemea mumeo sana na sijakusemea wewe, na wewe ndiye uliyeandika.

Una haki ya kuumia. Miaka minane umelala na mtu mwenye chumba ambacho hukuwa na ufunguo wake, na umemshuku msichana wa watu bure. Huenda unajiuliza ni mangapi mengine usiyoyajua. Huenda ukimtazama sasa unaona aibu, au kinyaa, kisha unajilaumu kwa kuona kinyaa. Hisia hizo si dhambi na hazimaanishi humpendi. Zipe muda. Usiamue kuachana wiki hii, na wala usijilazimishe kukubali kila kitu wiki hii ili uonekane mke mwema. Na yule msichana wa kazi mwombe radhi. Mwambie dera limepatikana, basi.

Chagua siku ambayo hasafiri, watoto wakiwa shule, msijadili usiku wa manane mkiwa mmechoka. Muulize ulichotaka kujua, lakini uliza ili kujua. Ulianza lini? Ukivaa unajisikiaje, na ukivua? Inakutosha kuvaa, au unatamani kuishi kama mwanamke? Kuna mtu mwingine anayejua? Kuna picha? Hilo la picha usiliache. Wapo matapeli mitandaoni wanaojifanya marafiki, wanaomba picha, kisha wanadai pesa kwa vitisho vya kuzisambaza. Kama ameshanaswa, asiendelee kulipa, maana kila malipo huzaa dai lingine. Atunze ushahidi wa jumbe zote, akamwone wakili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua unyanyasaji wa mitandaoni kuwa kosa. Kama hana picha, asipige. Sheria zetu juu ya mapenzi ya jinsia moja ni kali mno, na watu wengi mtaani, hata wenye vyeo, hawatofautishi nguo na hayo. Usalama wenu nauweka mbele ya uwazi. Hakuna anayewadai kutangaza.

Kisha sema na wewe mipaka yako, wala usione haya. Unaweza kumwambia: nguo zangu usiguse, nunua zako. Unaweza kusema sitaki kukuona ukiwa umevaa, au nipe miezi kadhaa kwanza. Unaweza kusema kitandani hapana. Unaweza kukubaliana naye kiasi cha pesa, mahali pa kufungia, na kwamba watoto wasikute kitu wakiwa katika umri wa kusimulia kila walichokiona. Yeye naye atakuwa na ombi lake. Pengine ni moja tu, kwamba mkigombana juu ya unga au ada usimtupie hili usoni. Mpe hilo. Mke anayelitoa jambo hili kama kisu katika kila ugomvi anamrudisha mumewe kwenye ule mzunguko wa kuchoma na kuapa.

Na kama baada ya yote huwezi? Inawezekana huwezi, na hapo usikubali mtu akuite mkatili. Lakini ujue njia: chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kabla ya mahakama kusikiliza maombi ya talaka kwa kawaida mnapita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na pale kuna masikio ya mtaani. Kabla ya kufika huko, mwone wakili akuongoze namna ya kueleza sababu bila kumweka baba wa wanao hatarini. Kuachana kunaponya wengine. Kuachana kwa kutangazana hakujamponya mtu ninayemjua.

Wanaume mnaonisoma kwa kujificha, najua mpo. Ninyi nawaomba jambo moja kubwa: muwe na mtu mmoja anayejua. Mmoja anatosha. Anaweza kuwa mke, dada, rafiki wa zamani, au mshauri nasaha. Msimchague kwa haraka ya kutua mzigo. Mpimeni kwa siri ndogo kwanza mwone kama anazitunza. Mkichagua mshauri, mna haki ya kumhoji kabla hamjamwambia lolote: utatunza siri yangu, na ni katika hali gani utalazimika kuitoa? Utajitahidi kunibadilisha, au utanisaidia kulala na kuacha kujichukia? Mtu anayewaahidi kuiondoa hamu hiyo kwa ada fulani, muondokeni. Nguo hata mkitaka kuzichoma leo, msifanye hivyo kama adhabu ya kujipiga. Zifungeni, mlale, mwamue asubuhi. Na aliyeoa au anayekaribia kuoa, mwambie mwenzako mapema, kabla ya begi kumwambia.

Mama mmoja wa Moshi naye aliuliza juu ya mwanawe wa miaka mitano anayejifunga kanga na kutembea na viatu vyake vya visigino. Mama, umri huo watoto hujaribu kila vazi la nyumba, wakiwa baba, wakiwa bibi, wakiwa askari. Wengi huacha, wachache huendelea, na fimbo haijawahi kuamua nani awe upande gani. Fimbo humfundisha kujificha tu. Kama kuna mtu mzima nyumbani anayempiga kwa sababu hiyo, piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, hailipiwi.

Limebaki la wifi. Dada wa Tanga, wifi yako usimwambie, wala mama mkwe, wala rafiki yako wa karibu unayemwamini kuliko wote, mpaka wewe na mumeo mkubaliane ni nani na lini. Kama unahisi utapasuka usipomwambia mtu, niandikie mimi, au tafuta mshauri wako wewe mwenyewe, tofauti na wake. Wifi akipiga tena mpe jambo la kweli ambalo halina siri ndani yake: "Wifi, tulikwaruzana, tumeshakaa chini tunazungumza. Ahsante kwa kutujali." Akichimba zaidi, muulize habari za watoto wake.